Watu Ishirini Wenye Afya

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hakuwahi kuugua. Hilo alilisema mwenyewe, tena alilisema kila siku, kwa hiyo bila shaka lilikuwa kweli. Pale maabara tulimwita Bwana Kipimo, kwa sababu hakuna kitu alichokiona akakiacha bila kukipima: upana wa meza mpya, joto la friji, dakika anazotumia mfagiaji kumaliza korido. Alikuwa amepima damu za watu kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo aliamini kwamba ugonjwa ni kitu kinachowapata watu wa upande wa pili wa dirisha.

Dirisha lenyewe lilikuwa langu. Mimi ni karani wa mapokezi. Mtu analeta karatasi ya daktari, naiandika daftarini, namwelekeza chumba cha sindano, na chupa yake ya damu ikirudi naibandika karatasi yenye namba, umri na jinsia, kisha naipitisha ndani kwa shemeji. Majibu yakitoka nayapiga muhuri na kumkabidhi mwenyewe. Ni kazi isiyohitaji akili nyingi, na ndiyo maana nikapewa, kama dada alivyopenda kunikumbusha. Inahitaji mwandiko mzuri tu, na mwandiko wangu hauna mpinzani.

Sasa siku moja mkuu wa maabara alirudi kutoka safarini na kipimo kipya ndani ya boksi la barafu. Kipimo cha gastrini. Nilimuuliza shemeji ni mdudu gani huyo, naye, kwa kuwa hakuna alichokipenda kama kumwelimisha mtu asiyeomba elimu, akavuta kiti.

"Gastrini ni homoni, shemeji. Ni kipande kidogo cha protini kinachotengenezwa chini kabisa ya tumbo. Kazi yake ya kwanza ni kuamrisha tumbo litoe asidi ya kusaga chakula."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni kuziambia seli za tumbo ziongezeke. Asidi ikitoka ya kutosha, homoni inanyamaza. Isipotoka, inaendelea kupiga kelele."

Nikamwambia nimeelewa: ni mama mkwe anayemwita mtu ambaye hayupo nyumbani, asipojibiwa anazidisha sauti, na mwisho wanaoitika ni majirani. Akasema huo si mfano wa kitaalamu, lakini ndiyo hivyo. Homoni ikizidi miaka na miaka, kuna seli zinazoitika mwito wa kukua, na nyingine husahau kuacha. Ndivyo uvimbe unavyoweza kuanza. Na wakati mwingine mambo huwa kinyume: uvimbe upo tayari mahali fulani, na ndio unaoimwaga homoni hiyo kwenye damu. Kwa vyovyote vile, ikionekana juu sana kwa mtu ambaye hajala kitu, daktari anatakiwa asilale usingizi.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyosema kwamba mtu mwenye afya, akiwa na njaa, homoni yake haizidi mia moja. Mkuu akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Hizi ni namba za matumbo ya watu wengine," alisema. "Sisi tutapata za kwetu. Nataka watu ishirini wenye afya, kufikia Ijumaa ya wiki ijayo."

Haraka yote hiyo ilikuwa kwa sababu mwezi uliofuata alikuwa na mkutano wa wataalamu, na mtu hawezi kwenda mkutanoni mikono mitupu. Fomu ikabandikwa mlangoni, mistari ishirini. Mtaona ajabu: watu ambao kazi yao ni kuwachoma wenzao sindano kutwa nzima, siku hiyo walikumbuka kwamba wao huwa wanazimia. Mwingine alikuwa na mafua. Mwingine dini yake ilimkataza kufunga siku za kazi, dini ambayo hatukuijua hadi siku ile. Kwa kubembeleza na kutishana tukapata kumi na mmoja.

Shemeji akajiandika wa kumi na mbili. Alikuja asubuhi hajanywa hata maji, akakunja shati, akatoa damu, akaizungusha mwenyewe kwenye mashine na kuigandisha kabla barafu haijayeyuka, maana homoni hiyo ikikaa kwenye joto huharibika. Kila kitu alikifanya kwa kufuata kanuni. Alikuwa fundi kweli, hilo simnyimi. Lakini kulibaki mistari minane mitupu, na mstari mtupu kwenye fomu ulimwasha shemeji kuliko upele.

Kesho yake alfajiri nikamkuta ananisubiri dirishani.

"Shemeji, niandikie chupa nyingine. Namba kumi na tatu."

"Ya nani?"

"Ya mtu mwenye afya."

"Ndiyo nauliza, nani?"

"Wewe unamjua mwenye afya kuliko mimi?"

Nikacheka. Nikaandika. Na kwa kuwa namba kumi na tatu hawezi kuwa na umri uleule na jinsia ileile ya namba kumi na mbili, nikamtungia, na kwenye fomu nikamwandikia hata kazi. Wa kumi na tatu nikamfanya kijana wa miaka ishirini na tisa. Wa kumi na nne dereva wa miaka hamsini. Wa kumi na sita nikamfanya mama wa miaka thelathini na minne, shemeji akalalamika kwamba angalau ningempa arobaini, sura yake haiendani na thelathini na minne. Tulicheka mpaka mfagiaji akaja kuuliza kulikoni. Kufikia Ijumaa fomu ilikuwa imejaa hadi mstari wa ishirini, na mistari tisa ya mwisho yote ilikuwa tumbo moja.

Majibu yakatoka. Watu kumi na mmoja wa kwanza walikuwa chini ya mia. Wale tisa walikuwa kati ya mia nane na mia tisa na ushee.

Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Shemeji, aliyejua vizuri kwamba zile tisa ni damu yake, aliiangalia karatasi kwa muda mrefu, akaifuta miwani, akaiangalia tena.

"Ni vidonge," akaniambia kwa sauti ya chini. Alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia asidi kwa miaka minne, kwa sababu tumbo lilikuwa likimjaa baada ya kula, na yeye mwenyewe alijichunguza akaona ni kiungulia, akajiandikia dawa na kujitibu. "Vidonge hivi hupandisha homoni. Nitaviacha wiki mbili, nirudie kipimo."

Wiki mbili hizo bado hazijafika hadi leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kuajiriwa maabara. Wangeajiriwa wangejua kwamba huku maradhi hayafichwi, yanapewa namba na kuingizwa kwenye jedwali.

Na jedwali lilimfurahisha mkuu kupita kiasi. Pale ambapo mimi na wewe tungeona makundi mawili na kuuliza kuna nini, yeye aliona ugunduzi. Akalibatiza kundi la pili "Kundi la Pili," akalipaka rangi ya kijani kwenye mchoro, akaenda mkutanoni kuwaeleza wataalamu kwamba karibu nusu ya watu wetu wenye afya wana homoni nyingi na hawadhuriki. Wakampigia makofi. Akarudi na cheti, kikatundikwa koridoni. Na kuanzia siku hiyo, kwa amri yake, kiwango cha kawaida cha maabara yetu kikawa chochote kilicho chini ya elfu moja.

Basi tukaendelea na maisha. Mimi nikapiga muhuri wa "Ndani ya kawaida" mpaka wino ukabadilishwa mara mbili.

Miongoni mwa waliopokea muhuri huo alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mrefu mwenye sauti ya kuita majina ya watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuwa na vidonda vya tumbo visivyopona, na tumbo la kuendesha lisilojua Jumatatu wala Jumapili. Mara ya kwanza gastrini yake ilikuwa mia sita na arobaini, tena baada ya daktari kumwachisha dawa zote. Kawaida. Baada ya miezi minne akarudi, sketi imeshikwa na pini kiunoni. Mia saba na themanini. Kawaida.

Aliisoma karatasi palepale dirishani, akanitazama juu ya miwani kama anavyomtazama mtoto aliyeleta daftari la mwenzake.

"Binti, hii kawaida yenu inaishi wapi? Maana mimi naumwa."

"Ndivyo kipimo kinavyosema, mwalimu. Pole sana."

"Asante, mwanangu," akasema, akaondoka taratibu, ameshika ukuta.

Wakati huohuo nyumbani kwa dada mambo yalikuwa yakienda kikawaida vilevile. Shemeji alianza kupumzika katikati ya ngazi, ngazi ambazo zamani alizipanda akihesabu. Viganja vikawa vyeupe. Ulimi ukamuuma, akasema chai ni ya moto. Dada akaipooza, akasema ni sukari. Chakula akawa anakizungusha kwenye sahani. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya, na alilipima kwa rula kabla ya kulitoboa.

"Baba watoto, nenda ukapime," dada alimwambia mbele yangu.

"Nikapime wapi? Mimi ndiye ninayepima."

"Basi jipime!"

"Nimeshajipima. Mara tisa," akajibu, akanitupia jicho, na mimi nikainama kwenye sahani yangu. Dada akadhani ni utani wetu wa kazini. Nilijua si utani. Nilijua kwamba kama kuna kitu kinakua tumboni mwa yule mtu, kinakua huku mimi nakaa naye meza moja na kuomba chumvi. Niliogopa. Lakini kusema lake kulikuwa ni kusema langu pia, kwa hiyo niliomba chumvi.

Mwezi wa kumi na moja tangu ile fomu, akahamishiwa hospitali yetu daktari mpya wa magonjwa ya tumbo, msichana mdogo wa umbo anayetembea kama aliyechelewa basi. Mwalimu akaangukia mikononi mwake. Daktari hakuipenda ile kawaida. Akatoa damu mwenyewe, akaipeleka kwenye maabara nyingine, na majibu yalipokuja akashuka nayo mpaka kwetu.

"Wanasema iko mara nane ya kiwango cha juu," akamwambia mkuu. "Ninyi mnasema mzima."

Mkuu akatabasamu kwa huruma. "Daktari, wale hawawajui watu wetu. Soma utafiti wangu. Tuna Kundi la Pili."

Akaelekeza kidole kwenye cheti. Daktari akakisoma chote, mpaka sahihi.

"Vizuri sana," akasema. "Basi naomba nionane na hawa tisa. Nataka niwachungulie matumbo kwa mpira wenye kamera. Kama kweli wana homoni yote hii na wako salama, tutaandika utafiti mwingine mkubwa zaidi, mimi na wewe."

Maskini mkuu, alivalishwa kilemba cha ukoka na akakifunga vizuri kichwani. Papohapo akamwamuru shemeji awakusanye watu tisa, Alhamisi, saa mbili asubuhi, wakiwa hawajala.

Shemeji alikuja dirishani uso umemshuka.

"Shemeji, tufanye nini?"

"Tumwite yule mama wa thelathini na minne," nikamjibu. "Labda yuko nyumbani."

Hakucheka. Akasema tunaweza kutafuta watu tisa wowote, ndugu, majirani, tuwapange. Nikamwambia watapigwa mpira kooni bure, na matumbo yao yatakutwa safi, na mkuu atapata utafiti wa tatu. Na mwalimu ataendelea kuwa mzima hadi azikwe. Sijui kwa nini hilo la mwisho lilinitoka, sikuwa nimepanga kulisema. Shemeji alisimama akishika ukingo wa dirisha kwa viganja vile vyeupe, halafu akarudi ndani.

Alhamisi ikafika. Mkuu alipanga viti tisa koridoni chini ya cheti chake, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Saa mbili kamili shemeji akatokea amevaa shati la Ijumaa, hajanywa hata maji, akakaa kiti cha kwanza. Saa mbili na robo daktari akaja na mafaili tisa kifuani. Akaangalia viti. Akaangalia saa.

"Wenzako wako wapi?"

Shemeji akasimama, kama mwanafunzi.

"Daktari," akasema, "tumeshafika wote."

Mkuu akawa wa kwanza kuelewa, nadhani, kwa sababu alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti vilivyo wazi. Daktari akafungua faili moja, akafungua la pili, akayaweka yote chini, na swali alilouliza halikuwa la utafiti kabisa.

"Hizi zote ni zako? Tangu mwaka jana? Na umekaa nazo?"

"Nilifikiri ni vidonge."

"Nani aliandika hawa watu?" mkuu akadakia. "Mama wa miaka thelathini na minne? Dereva? Huu mwandiko si wako!"

Shemeji hakugeuka hata kunitazama. "Mwandiko ni wa karani, lakini alichoandika ni nilichomwambia mimi. Hakujua kitu."

Na mimi, mwenye mdomo ambao dada anasema ungeweza kupasua kuni, niliangalia muhuri wangu.

Daktari alimpeleka shemeji moja kwa moja kwenye kitanda cha kamera. Majibu alituambia mimi na dada wiki iliyofuata, vipande vya tumbo vilipokwisha kupimwa, kwa maneno rahisi. Kinga ya mwili wa shemeji ilikuwa imelishambulia tumbo lake lenyewe kwa miaka mingi mpaka likaacha kutoa asidi. Halikuwa na hata tone. Vile vidonge vya kuzuia asidi alivyomeza miaka minne vilikuwa vinazuia kitu kisichokuwepo, navyo vilifanya kazi yake kwa bidii. Ile homoni ilikuwa ikiita asidi usiku na mchana bila jibu, na kwenye ukuta wa tumbo vilikuwa vimeota vinundu sita. Ni aina ya saratani, akasema, lakini ile inayotambaa, haikimbii. Vinundu vyote sita alivitoa kwa waya palepale kupitia mpira. Damu ilikuwa imepungua kwa sababu tumbo la namna hiyo haliwezi tena kuchukua vitamini fulani kwenye chakula, kwa hiyo atachomwa sindano maisha yake yote na kuchunguliwa kila mwaka. Dada alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hasira, kisha akamwita mumewe jina ambalo siwezi kuliandika hapa.

Kiwango kikarudishwa mia moja. Cheti kikaondoka koridoni kwa miguu yake, maana hakuna aliyekiri kukitoa. Shemeji akasimamishwa kazi. Mimi nikabaki dirishani, kwa kuwa sikujua kitu.

Mwalimu naye alipigwa picha. Kwake uvimbe ulikuwa kwenye kongosho, na ndio uliokuwa ukiimwaga homoni. Huu haukuwa wa kutambaa. Ulikuwa umeshaingia kwenye ini, sehemu nyingi. Ungeonekana mara ile ya kwanza huenda ungekatwa ukiwa peke yake. Daktari alilitamka hilo "huenda" mara tatu, ili asimwonee mtu.

Shemeji akasema lazima aende akamwambie mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Nilimsindikiza kwa sababu bado alikuwa dhaifu, au ndivyo nilivyomwambia dada. Mwalimu alikuwa sebuleni kwenye kochi, mto nyuma ya mgongo, macho ya njano, madaftari ya watoto yamepangwa juu ya meza ingawa alikuwa ameshaacha kufundisha. Akamwita mjukuu wake wa kike atuletee chai. Shemeji hakuigusa. Alieleza yote tangu ile fomu ya mlangoni, bila kuruka kitu isipokuwa mimi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo damu yangu ilikuwa ikilinganishwa na yako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hao wengine wanane?"

"Hawakuwepo, mwalimu. Nilikuwa mimi."

Nje kulikuwa na mtu anapiga misumari, tukasikiliza misumari.

"Na wewe tumbo lako wamesemaje?" akauliza.

"Wamevitoa vyote," shemeji akasema, halafu akafunika uso kwa mikono na mabega yakaanza kutikisika. Mwalimu akamwacha alie. Hakumwambia amesamehe, na wala hakumfukuza.

Kisha akanigeukia mimi.

"Nawe binti, asante kwa kumleta mwenzio. Nakukumbuka. Pale dirishani kila nilipokuja wewe ndiye uliyenipa pole."

Ulikuwa ndio wakati. Kulikuwa na nafasi kubwa tu ya kusema, mtu angeweza kupitisha kabati. Mwaka mzima nimemcheka shemeji aliyejificha nyuma ya watu tisa, na wale watu niliwazaa mimi, nikawapa umri, nikawapa kazi, kwa mwandiko mzuri.

"Asante, mwalimu," nikasema, nikachukua kikombe, nikanywa chai yake mpaka ikaisha.